Makala Adimu na Wajibu wa Mwalimu

Mwanachuo anayeandaa somo la kusoma kwa darasa la kwanza huweza kukuta kitabuni jina la makala yanayogusa hasa tatizo lake. Maktaba ya chuo haina jarida hilo, na mtandaoni huoneshwa muhtasari tu, pamoja na bei asiyoimudu. Mwenzake akimpa nakala, wote wawili huona ni ukarimu mtupu. Tunakusudia kueleza namna ukarimu huo unavyoweza kutendeka bila kuvunja haki ya mtu.

Hatuna budi kuanza na hakimiliki. Mkataba wa Berne, uliotiwa saini mwaka 1886 na kurekebishwa mara kadhaa, unaagiza maandishi yalindwe maisha yote ya mtungaji na, kwa kawaida, miaka isiyopungua 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo kuadimika kwa makala si idhini ya kuyatawanya. Tena, mara nyingi mtungaji huwa amekwisha kumkabidhi mchapishaji haki hiyo. Hata hivyo, njia za halali zipo.

Kwanza, tutafute nakala zilizo huria. Tamko la Budapest la mwaka 2002 lilihimiza utafiti usomwe na wote bila malipo. Orodha iitwayo DOAJ, iliyoanzishwa Lund, Sweden, mwaka 2003, hutaja majarida ya namna hiyo. African Journals Online, iliyoanza mwaka 1998, hukusanya majarida ya Afrika, na mengi husomwa bure. Jarida la Swahili Forum nalo husomwa bure, na baadhi ya makala yake yameandikwa kwa Kiswahili.

Pili, tumwandikie mtungaji. Tutaje jina letu, chuo chetu, makala tunayoyahitaji na sababu yake. Huenda akatupatia mswada wake wa kabla ya kuchapishwa. Akitupatia, tujue kwamba tumepewa tusome. Kugawa kwahitaji ruhusa nyingine.

Tatu, tunapowashirikisha wenzetu, tuwapelekee anwani ya ukurasa badala ya nakala yenyewe, kwani nakala ikishaingia katika kundi la simu hairudishiki. Makala yakiwa na leseni ya Creative Commons, tuisome leseni hiyo. Ile ya CC BY yaruhusu kusambaza na hata kutafsiri, mradi mtungaji atajwe. Penye herufi ND, tafsiri haiwezi kusambazwa bila idhini. Kila mara jina la mtungaji, mwaka, jarida na kurasa vibaki pamoja na makala, ili msomaji wa kesho ajue chanzo chake.

Kila siku twawakataza watoto kunakili kazi ya jirani. Katazo hilo litakuwa na uzito gani iwapo daftari letu la maandalio limejaa kurasa zisizo na wenyewe? Mtoto hujifunza zaidi kwa anayoyaona kuliko anayoambiwa. Basi tushirikiane elimu kwa moyo mkunjufu, lakini kwa mikono safi.