Visiwa vya Karibi: Sufuria yenye historia ya utumwa na jina la Kongo

Kila tarehe 1 Januari, nchini Haiti na katika nyumba za Wahaiti wanaoishi ugenini, mwaka hufunguliwa kwa chakula kimoja: supu ya boga inayoitwa soup joumou. Ndani yake kuna nyama ya ng'ombe, viazi, karoti, makaroni na pilipili kali. Jirani hupelekewa, na mgeni anayebisha hodi hupewa sahani yake.

Kwa Wahaiti, supu hii ni kumbukumbu. Wanasimulia kwamba wakati wa ukoloni wa Ufaransa, watumwa walilima boga na kupika supu, lakini wenye kuinywa walikuwa mabwana. Tarehe 1 Januari 1804, Jean-Jacques Dessalines alipotangaza uhuru mjini Gonaïves, waliokuwa watumwa wakainywa wenyewe. Mnamo Desemba 2021, UNESCO iliiandika katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu.

Posho ya mtumwa

Supu hiyo ni mfano mmoja tu. Vyakula vingi vya visiwa vya Karibi vilianza kama posho ya kumfanya mtumwa aendelee kukata miwa. Sheria ya mfalme Louis XIV ya mwaka 1685, iliyoitwa Code Noir, ilimtaka bwana ampe kila mtumwa kwa juma unga wa muhogo, pamoja na nyama ya chumvi ratili 2 au samaki ratili 3.

Muhogo na samaki wa chumvi: msomaji wa Bukavu au Kisangani atatambua hapo fufu na makayabu. Muhogo ulikuwa chakula cha Wataino, wenyeji wa visiwa hivyo, ambao wengi wao waliangamia kwa magonjwa na kazi za kulazimishwa baada ya Wahispania kufika mwaka 1492. Wareno waliutoa muhogo Brazili na kuuleta pwani ya Kongo katika karne ya 16. Meli za biashara hiyohiyo ziliwachukua watu wa Kongo na kuwapeleka upande wa pili wa bahari.

Samaki wa chumvi alitoka Amerika ya Kaskazini, na watumwa walipewa yule wa hali ya chini. Leo, nchini Jamaica, samaki huyo akipikwa na ackee, tunda lenye asili ya Afrika Magharibi, ndicho chakula cha taifa.

Jina la Kongo

Kabla ya maasi ya 1791, koloni la Saint-Domingue, Haiti ya leo, lilikuwa na watumwa karibu 500,000. Wengi walizaliwa Afrika, na kundi kubwa lilitoka Kongo na maeneo ya jirani. Hadi sasa mbaazi, zinazopikwa pamoja na wali, huitwa pwa kongo, yaani kunde za Kongo.

Ufaransa ilipofuta utumwa mwaka 1848, wenye mashamba wa Martinique na Guadeloupe walitafuta mikono mingine. Kuanzia 1853 waliletwa Wahindi, wengi wao Watamil. Kati ya 1857 na 1862 waliletwa pia watu kutoka pwani ya Kongo, wakiitwa wafanyakazi wa mkataba ingawa wengi walinunuliwa kwanza kama watumwa. Watamil waliacha colombo, mchuzi wa nyama wenye manjano, giligilani na haradali, ambao sasa hupikwa na watu wa kila asili.

Mchele wa kigeni

Historia hiyo haijafungwa. Mwaka 1995, kwa shinikizo la wakopeshaji na Marekani, Haiti ilishusha ushuru wa mchele wa kigeni hadi asilimia 3. Mchele wa Marekani, unaosaidiwa na fedha za serikali yake, ukajaa sokoni, na wakulima wa bonde la Artibonite wakashindwa kushindana nao. Mwaka 2010 Bill Clinton, aliyekuwa rais wa Marekani ushuru huo uliposhushwa, alikiri mbele ya kamati ya Baraza la Seneti kwamba lilikuwa kosa.

Kosa lilikiriwa, lakini sehemu kubwa ya mchele unaoliwa Haiti bado inatoka nje. Ndiyo sababu supu ya Januari ina uzito wake: boga lake bado linalimwa na Mhaiti, na anayelilima ndiye anayelila.