Choo Kimejaa, au Kimeziba?

Ndugu msomaji, tuchukue mfano wa mzee mmoja wa Mwamgongo. Asubuhi anaingia chooni. Anachungulia kwenye tundu. Anaona uchafu umepanda, umekaribia sakafu. Anatoka nje na kumwambia mkewe: "Mama watoto, choo kimejaa. Leo watoto waende ufukweni."

Je, mzee huyu amefanya sawasawa? Hapana. Amekosea mara mbili. Kwanza, hakupima. Pili, amewatuma watoto kuchafua maji yale yale ambayo mkewe atayateka jioni.

Mwamgongo ni kijiji kilichobanwa. Huku mlima, huku ziwa. Nyumba zimesongamana, na watu na mizigo huenda Kigoma kwa boti. Gari la kunyonya uchafu, kama yale ya mjini, halina njia ya kupita kati ya nyumba hizo. Nafasi ya kuchimba shimo jipya nayo ni ndogo. Kwa hiyo kila mwenye choo inampasa ajue kukitunza yeye mwenyewe.

Kwanza pima

Chukua mti mrefu ulionyooka. Weka alama nusu mita kutoka kwenye ncha moja. Sasa unataka kuona ndani. Usimulike kwa kibatari wala kiberiti! Uchafu unapooza hutoa hewa inayowaka moto. Tumia tochi. Kama huna tochi, shika kioo cha kujitazamia mlangoni, upeleke mwanga wa jua mpaka ndani ya shimo. Utaona vizuri.

Tazama pembeni mwa shimo, si chini ya tundu tu. Mara nyingi utaona jambo hili: chini ya tundu kuna kichuguu cha uchafu kilichopanda, lakini pembeni shimo bado ni tupu. Choo hicho hakijajaa. Kimeziba tu.

Kwa nini kichuguu hupanda? Kwa sababu uchafu ni mkavu na hauenei. Tena watu hutupa humo magunzi, matambara, mifuko ya plastiki na chupa. Vitu hivyo hushikana kama matofali.

Jambo hili si la vijijini tu. Huko Marekani kuna magari makubwa ambayo ndani yake ni nyumba kamili, yana kitanda, jiko na choo. Uchafu wa choo huingia katika tangi chini ya gari. Mwenye gari akibania maji, uchafu hupanda kichuguu ndani ya tangi, na choo huziba wakati tangi bado lina nafasi. Ugonjwa ni ule ule, na dawa ni ile ile: maji kidogo, subira, na kutotupa takataka chooni.

Kama kimeziba

Sukuma kichuguu kwa mti mrefu mpaka kianguke pembeni. Kama ni kigumu sana, mwagia ndoo moja ya maji, subiri mpaka kesho, kisha sukuma tena. Mti huo uwe wa kazi hiyo tu, na ukae nyuma ya choo mbali na watoto. Ukimaliza, nawa mikono kwa maji na sabuni. Usimwage mafuta ya taa wala dawa za kuulia wadudu. Hazipunguzi uchafu, na zinaweza kuingia katika maji.

Kama choo chako ni cha sinki lenye bomba lililopinda, angalia namna maji yanavyorudi. Fungua mfuniko wa shimo la nje. Kama shimo lina nafasi, basi bomba ndilo limeziba. Lizibue kwa ufito unaopindika, taratibu, usije ukavunja bomba. Kisha mwaga maji kwa nguvu. Choo cha namna hii kinataka lita 2 mpaka 3 za maji kila mtu anapokitumia. Usitie majivu, mchanga wala magunzi.

Kama kimejaa kweli

Weka mti wako wima, ile ncha yenye alama iguse uchafu. Kama alama imefika usawa wa sakafu au imepita juu yake, basi imebaki nusu mita au chini ya hapo. Choo kimejaa. Acha kukitumia. Usingoje mpaka uchafu utoke nje.

Njia ya kwanza ni kufukia. Toa sakafu, jaza udongo mpaka juu, ushindilie. Panda mgomba au mpapai hapo. Kisha chimba choo kipya. Kiwe mbali na kisima, angalau mita 30, na kiwe upande wa chini wa kisima, si upande wa juu. Karibu na ziwa maji hupatikana haraka ukichimba. Ukiona udongo umelowa, usiendelee kwenda chini. Jenga ukuta wa mawe au matofali juu ya ardhi, uinue choo, watu wapande ngazi.

Njia ya pili ni ya mwenye uwanja mdogo. Chimba mashimo mawili mafupi, kila moja mita moja na nusu, na sakafu inayoweza kuhamishwa. Tumia moja. Likijaa, lifunike kwa udongo, uhamie la pili. La kwanza liache miaka miwili. Usiwe na haraka, kwa sababu mayai ya minyoo hukaa muda mrefu bila kufa. Baada ya miaka hiyo miwili uchafu umegeuka kama udongo. Utoe ukiwa umesimama juu, kwa chepe lenye mpini mrefu, uufukie kwenye shina la mgomba au la mchikichi. Usiutie kwenye bustani ya mboga.

Hatari mbili kubwa

Ya kwanza ni kuingia shimoni. Hewa ya shimo la choo ni sumu, na inaweza kumwangusha mtu kwa pumzi chache. Mwaka 2016 huko Mombasa, Kenya, simu ilianguka katika choo cha shimo. Mtu akaingia kuitafuta, hakutoka. Wengine wakamfuata kumwokoa. Watu watatu wakafa kwa ajili ya simu moja. Ndugu, simu ikianguka, iache. Mtu akianguka, usimfuate. Mpe kamba kutoka juu na piga kelele watu waje.

Ya pili ni kutapisha choo ovyo. Dar es Salaam, mahali ambapo gari halipiti, wapo watu wanaoitwa vyura. Wao hutapisha vyoo kwa ndoo na chepe. Kazi yao ni ya hatari kwao na kwa majirani. Wengine nao hungoja mvua kubwa, wakatoboa shimo ili uchafu uende na maji. Je, ukifanya hivyo Mwamgongo, uchafu utakwenda wapi? Utateremka na maji ya mvua mpaka ziwani.

Wapo wanaosema, "Ziwa Tanganyika ni kubwa, uchafu utapotea." Ni kweli kina chake kinafika mita 1,470. Lakini sisi hatuteki maji kule kilindini. Tunateka ufukweni, na uchafu nao huanzia ufukweni. Nzi nao hutoka kwenye uchafu, wakatua juu ya dagaa walioanikwa.

Tukumbuke mwezi wa Mei mwaka 2015. Wakimbizi wengi kutoka Burundi walifika Kagunga, kaskazini ya Mwamgongo. Vyoo vilikuwa vichache mno na watu walikunywa maji ya ziwa. Kipindupindu kikaingia. Maelfu waliugua, wengine wakafa. Kosa halikuwa la wakimbizi. Ugonjwa hauulizi mtu ametoka wapi. Unauliza choo kiko wapi.

Tufanye hesabu

Mtu mmoja huongeza kama lita 60 za uchafu shimoni kwa mwaka. Nyumba ya watu 6 ni lita 360. Shimo lenye upana wa mita 1 kila upande, na mita 2 na nusu za kujaza, huchukua lita 2,500. Gawanya: litadumu kama miaka 7. Lakini mkitumia magunzi na kutupa takataka, kila mtu huongeza kama lita 90. Shimo lile lile litajaa kwa miaka 4 na nusu. Takataka zimekula zaidi ya miaka miwili ya choo chako!

Wazee wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Hilo lilikuwa somo la kwanza. Somo la pili ni kukitunza choo ulichochimba. Andika mwaka wa kuchimba ukutani, ili ujue mwaka wa kujaa.

Na yule mzee wetu? Afanye hivi: apime, asukume kichuguu, na leo watoto wake waombe choo cha jirani. Kuomba choo si aibu.

Maswali ya kujadiliana

1. Utajuaje kama choo kimeziba au kimejaa?
2. Kwa nini mtu asiingie katika shimo la choo?
3. Nyumba yako ina watu wangapi? Shimo lako litadumu miaka mingapi?
4. Jirani yako akitapisha choo wakati wa mvua, mtamwambia nini?