Nastashiamu: ua lisilodai mbolea

Mtunza bustani aliyezoea waridi, maua yakichelewa huongeza samadi. Akifanya hivyo kwa nastashiamu atavuna majani. Mmea utastawi, utambae hadi mlangoni, na maua yatakuwa machache, tena yamejificha chini ya majani.

Kinachofanya hivyo ni naitrojeni. Kirutubisho hiki huchochea shina na majani, na mmea unaokipata kwa wingi huendelea kujitanua badala ya kuchanua. Udongo ukiwa wa wastani, mmea hugeukia mapema kazi ya kuzaa, yaani maua na mbegu. Kwa hiyo usiweke urea wala samadi. Cha muhimu ni udongo usiotuamisha maji, na jua la saa sita hivi kwa siku.

Asili ya nastashiamu, Tropaeolum majus kwa jina la kisayansi, ni milima ya Andes huko Amerika Kusini. Ndiyo maana huku kwetu hustawi zaidi penye ubaridi: Lushoto, Njombe, Limuru, Nyeri. Haivumilii jalidi, na joto kali huipunguzia maua. Anayeishi pwani na aijaribu wakati wa kipupwe, katika chungu kilichowekwa mahali penye kivuli cha mchana.

Mbegu zake ni kubwa, kiasi cha njegere, na zina ganda gumu. Ziloweke usiku kucha, kisha zifukie sentimita 1 hadi 2, ukiacha sentimita 30 kati ya shimo na shimo. Huota kwa wiki moja hadi mbili, na maua huanza kuonekana baada ya miezi miwili hivi. Zipande palepale zitakapokulia, kwa kuwa mizizi yake haipendi kusumbuliwa kwa kuhamishwa kutoka kitaluni.

Ziko aina fupi zinazofaa ukingoni mwa tuta, na ziko zinazotambaa hadi mita 2 au zaidi. Hizi za pili hupanda kwa vikonyo vya majani, ambavyo hujizungusha kwenye kitu chembamba. Ukizisimikia nguzo nene hazitapata pa kushika. Zipe waya, kamba au fito. Mchoraji Claude Monet hakuziwekea chochote: katika bustani yake ya Giverny, Ufaransa, aliziacha zitambae chini hadi zikafunika njia.

Maua na majani ya nastashiamu huliwa. Ukitafuna jani utahisi ukali wa haradali, na ukali huo hutokea pale jani linapopasuka. Ndani yake mna kemikali iliyotengwa na kimeng'enya chake. Vikikutana huzaa mafuta makali ambayo ni silaha ya mmea dhidi ya wadudu. Kabichi na figili zina mbinu hiyohiyo. Tupia maua machache kwenye kachumbari wakati wa kuandaa, si mapema, maana hunyauka upesi. Mbegu changa, zikiwa bado kijani, hutiwa kwenye siki na kuliwa kama achari. Usile mmea uliopuliziwa dawa ya wadudu.

Silaha hiyo haimtishi kila mdudu. Vidukari weusi, walewale wanaoshambulia maharage, huipenda sana nastashiamu. Wapo wanaoipanda kando ya maharage ili iwe mtego, na mbinu hiyo ina mantiki kwa sharti moja: mtego lazima ukaguliwe. Shina likijaa vidukari, likate ulitoe bustanini, au uwaoshe kwa maji ya kasi. Ukiliacha, wataongezeka hapo, wengine waote mabawa na kuhamia kwenye maharage uliyotaka kuyalinda.

Mbegu hukomaa kwa makundi ya tatu tatu na kudondoka zenyewe. Ziokote, zikaushe kivulini, uzihifadhi kwenye bahasha ya karatasi. Usizoziona zitaota msimu ujao bila kukuuliza. Katika nyanda za juu za Afrika Mashariki mmea huu umekwisha kutoroka bustanini na kuota wenyewe porini. Basi miche iliyozidi ing'oe mapema, na ukiishi jirani na kijito au msitu usitupe mabaki yake huko. Mmea usiohitaji mbolea yako hauhitaji pia ruhusa yako ili uenee.