Yakiniku: Nyama Choma ya Kijapani na Maneno Yaliyoketi Mezani

Neno yakiniku limeundwa kwa vipashio viwili: yaki, linalotokana na kitenzi chenye maana ya kuchoma, na niku, yaani nyama. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kwenda mbali kutafuta kisawe chake, kwani nyama choma nayo imeundwa kwa vipashio vivyo hivyo, ila mpangilio ndio uliopinduliwa. Tofauti inajitokeza katika ulaji wenyewe. Nchini Kenya mteja huchagua paja au mbavu, akapimiwa kwa kilo, kisha akasubiri hadi nyama iletwe imeiva na kukatwakatwa juu ya ubao. Katika mikahawa ya yakiniku, hususan ile ya hadhi ya juu iliyoko Tokyo na Osaka, jiko limo katikati ya meza, nyama huletwa mbichi, vipande vichache vichache, na mlaji mwenyewe au mhudumu aliye kando yake ndiye huchoma. Makala haya yanaangazia mlo huo pamoja na msamiati wake, maadamu orodha ya vyakula ya mkahawa wa aina hii ni hati ya kihistoria ambayo walaji wengi huipitia bila kuisoma.

Japani haikuwa nchi ya walaji nyama ya ng'ombe. Mnamo mwaka 675 Mfalme Tenmu alipiga marufuku ulaji wa ng'ombe, farasi, mbwa, nyani na kuku katika miezi kadhaa ya mwaka, na mafundisho ya Kibudha yakaitilia nguvu miiko hiyo kwa karne nyingi. Ni mwaka 1872 ambapo ilitangazwa kwamba Mfalme Meiji amekula nyama ya ng'ombe, na taifa likaelewa kwamba mwiko umevunjwa. Hata hivyo, yakiniku ya leo haikutoka katika kasri la mfalme. Ilitoka vibandani. Korea ilitawaliwa na Japani tangu 1910 hadi 1945, na vita vilipokwisha Wakorea wapatao 600,000 walisalia Japani, wengi wao wakiwa hawana kazi wala haki za raia. Baadhi yao walinunua kwa bei ya chini viungo vya ndani ambavyo Wajapani wengi hawakuvithamini, wakavikoleza kwa kitunguu saumu, mafuta ya ufuta, pilipili na mchuzi wa soya, wakavichoma na kuviuza. Mtaa wa Tsuruhashi jijini Osaka ungali unafuka harufu hiyo. (Katika Osaka hiyohiyo, Kiswahili hufundishwa hadi kiwango cha shahada katika Chuo Kikuu cha Osaka.)

Jina lenyewe la yakiniku lina utata. Wapo wanaosimulia kwamba baada ya Korea kugawanyika, wenye mikahawa walizozana kama chakula chao kiitwe kwa jina ambalo Wajapani huitia Korea ya Kaskazini au lile la Kusini, hatimaye wakaafikiana juu ya neno lisiloegemea upande wowote: nyama ya kuchoma, basi. Kama simulizi hiyo ni sahihi, jina hili lilipatanisha ndugu na papo hapo likafuta asili yao ubaoni.

Utata mwingine umo katika horumon, neno linalojumuisha utumbo na viungo vingine vya ndani. Maelezo yanayopendwa na wengi ni kwamba limetokana na lahaja ya Osaka, horu mono, yaani vitu vya kutupa. Maelezo hayo yanavutia mno, na hapo ndipo mwanaisimu anapopaswa kuwa mwangalifu. Neno hilo lilikuwa likitumika kabla ya vita kwa vyakula vilivyosifiwa kuwa vinatia mwili nguvu, likihusishwa na homoni za kitabibu. Umma ulipolisikia likitumiwa kwa chakula cha maskini, ukalipa etimolojia ya maskini.

Msamiati uliosalia ni wa mkopo kwa kiasi kikubwa. Karubi, nyama ya mbavu, ni neno la Kikorea. Rosu limetoholewa kutoka Kiingereza, likaongezewa irabu mwishoni kama Kiswahili kifanyavyo katika basi na benki. Tan ni ulimi, nalo ni la Kiingereza vilevile. Hatsu ni moyo. Reba, yaani maini, huhusishwa na Kijerumani. La kushangaza ni kwamba Kijapani kina maneno yake asilia kwa viungo vyote hivi. Si upungufu wa msamiati uliosababisha ukopaji. Shita ni ulimi ulio kinywani mwa mtu; tan ni ulimi ulio sahanini. Mkopo umemtenga mlaji na mwili. Kiswahili hutekeleza kazi hiyo kwa ngeli: daktari hupima ini la mgonjwa, bali mpishi hukaanga maini, mtu huumwa na tumbo, bali hotelini huagizwa matumbo. Yapo pia majina ya kisitiari. Senmai, sehemu ya tatu ya tumbo la ng'ombe, maana yake ni karatasi elfu, kwa jinsi ilivyojikunja kama kurasa. Zabuton, kipande adimu cha bega, ni mto wa kukalia.

Mkahawa wa kifahari umejengwa juu ya vipande adimu kama hivyo. Nyama ni ya wagyu, jina linalohusisha aina nne za ng'ombe wa Kijapani, ingawa weusi ndio wengi mno. Daraja hutolewa kwa herufi na tarakimu: A hadi C kwa kiasi cha nyama inayopatikana, na 1 hadi 5 kwa ubora, hivyo A5 ni kilele. Mtandao wa mafuta ndani ya mnofu hupimwa peke yake kwa kipimo cha 1 hadi 12. Tangu sheria ya mwaka 2003, iliyofuata mkurupuko wa ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe wa 2001, kila ng'ombe ana nambari ya tarakimu 10, na baadhi ya mikahawa huibandika ukutani.

Mlo wa mtu mmoja katika mikahawa hiyo aghalabu huzidi yeni 10,000, tena vipande vyenyewe huhesabika. Ulimi hutangulia, kwa chumvi na limau, kabla mchuzi haujachafua wavu. Hufuata minofu myembamba inayopitishwa motoni kwa sekunde chache tu, kwa sababu mafuta ya wagyu huyeyuka upesi, na kuiacha zaidi ni kuyamwagia makaa fedha. Makaa yanayosifiwa zaidi ni binchotan ya Wakayama, magumu, yasiyo na moshi mwingi. Koleo la nyama mbichi halichanganywi na vijiti vya kulia. Hilo si adabu tu: maini mabichi, yaliyokuwa kitoweo cha kuenziwa, yalipigwa marufuku mikahawani mwezi Julai 2012, baada ya vifo vilivyotokana na nyama mbichi mwaka 2011. Kadhalika mtu hampokezi mwenzake kipande kutoka vijiti hadi vijiti, kwani ndivyo mifupa ya marehemu inavyopokezanwa baada ya mwili kuchomwa.

Mwishoni, nyama ikiisha, huletwa bakuli la reimen, tambi baridi zenye mchuzi wa barafu. Aina yake mashuhuri ilianza kuuzwa mjini Morioka mwaka 1954 na mpishi mzaliwa wa Korea, na jina lake ni matamshi ya Kijapani ya jina la tambi za huko kwao.