Anexe ya zamani inaweza kuwa garaje na atelye ya koperative

KIKULA, LIKASI. Nyuma ya nyumba nyingi kuna kijumba cha zamani ambacho hakifanyi tena kazi yake. Pembeni yake, motopompe na trisikeli ya koperative inalala inje mu mvua. Katika namba hii tunaeleza namna ya kugeuza kijumba kile kuwa garaje na atelye, na tena mapatano ya kuandika mbele ya kununua mfuko wa kwanza wa simenti.

Kijumba kiko, mashini haina fasi

Kikula ni moja ya komini nne za mji wa Likasi, pamoja na Panda, Shituru na komini ya Likasi yenyewe. Mji uliitwa Jadotville mpaka mwaka 1966. Kwa parseli za zamani, mafundi walizoea kujenga anexe nyuma ya nyumba: jiko, stoo ya makala, ao chumba cha mfanyakazi. Leo ndani ya anexe kama ile utakuta kuku, kinga iliyovunjika, na magunia ambayo hakuna anayekumbuka ni ya nani.

Wakati huo huo, wakulima wa Likasi wamepata mashini. Kikundi cha mboga kina motopompe. Kikundi cha mahindi kina mashini ya kusaga ao ya kupukuchua. Wengine wana trisikeli ya kubeba mavuno. Mashini hizi zilinunuliwa kwa falanga za watu wengi, na mara nyingi zinakaa chini ya mti ao kwa baraza la prezida.

Jambo moja linatupa nguvu: akili ya ufundi haiko mbali. Kati ya 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines katika mpango ule wa kuondoka kwa hiari, na wengi kati yao waliingia mu kilimo na biashara ndogo. Ndiyo maana mu koperative nyingi kuna mzee ao kijana wake anayejua kuchomelea chuma, kufungua moteri, kuvuta waya. Kinachokosekana ni fasi ya kufanyia kazi ile.

Kwanza karatasi, kisha simenti

Tunaanza na jambo ambalo linaharibu koperative kuliko kutu. Anexe iko ndani ya parseli ya mtu. Koperative ikiweka pale beto, mlango wa chuma na manjanja mapya, ni ya nani? Mwenye parseli akiwa hai, watu wote wanasikilizana. Siku akifa ao akiuza, watoto wake wanasema: "Hii nyumba haina ya koperative, iko ya baba." Na kwa sheria wanaweza kuwa na haki, kama hakuna karatasi.

Sheria ya OHADA juu ya koperative, iliyopitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010, inafanya kazi katika inchi yetu pia, kwani Kongo iko ndani ya OHADA tangu 12 Septemba 2012. Koperative iliyoandikishwa vizuri ni mtu mbele ya sheria. Inaweza kusaini kontra kwa jina lake, si kwa jina la prezida. Basi muandike kontra, hata ya ukurasa mmoja, yenye kujibu maulizo haya:

- Koperative itatumia anexe kwa miaka mingapi?
- Mwenye parseli anapata nini: falanga kila mwezi, ao kumwagiliwa shamba bure, ao anexe iliyotengenezwa kubaki yake mwisho wa miaka ile?
- Vitu gani koperative itaondoa siku ya kutoka (mlango, manjanja, meza ya kazi) na vitu gani vitabaki (beto, kuta)?
- Memba wanapita wapi, na saa gani?
- Nani analipa umeme wa SNEL?
- Mwenye parseli akiuza ao akifa, koperative inapewa miezi mingapi ya kuhama?

Mwenye parseli asaini pamoja na bibi yake ao bwana yake, na watoto wakubwa wawe mashahidi. Kopi moja ibaki kwa shefu wa kartie.

Kuna neno la funguo. Katika mkutano mmoja wa wakulima wa mboga, mama mmoja alituambia wazi: "Funguo ikikaa ku nyumba ya mutu mumoja, motopompe njo yake." Ni kweli. Wamama ndio wanaomwagilia kila siku, lakini mara nyingi wanangoja mtu arudi kutoka mjini ili afungue mlango. Tunashauri kufuli mbili kwa mlango mmoja: funguo moja kwa komite, nyingine kwa mama aliyechaguliwa na wenye kumwagilia. Hakuna anayefungua peke yake, na hakuna anayefungia wengine.

Kupima kijumba

Msianze kubomoa. Mzunguke anexe polepole, muangalie vitu vine.

*Kuta.* Pasuko jembamba la plasta si shida. Pasuko linalopita ndani ya matofali, lenye kuingiza kidole, linaonyesha kwamba msingi umeshuka. Ukuta kama ule uvunjwe na kujengwa upya. Matofali mazima yanatumika tena.

*Mbao za paa.* Mchome kila boriti kwa bisibisi. Ikiingia kama mu bukari, mchwa wamekwisha kula.

*Paa.* Hapa muwe macho. Majengo ya zamani yanaweza kuwa na sahani za kijivu za eterniti, ambazo zilitengenezwa kwa simenti na amianti. Vumbi la amianti likiingia mu mapafu linabaki mule, na miaka mingi nyuma linaleta kansa. Sahani nzima ambayo haivunjiki haina hatari kubwa: muiache. Ikibidi kuiondoa, muilowanishe kwa maji kwanza, mfungue misumari bila kupiga, mshushe sahani nzima. Msikate kwa msumeno, msitoboe, msisugue kwa brosi kavu, na watoto wawe mbali. Vipande vizikwe ndani ya mifuko iliyofungwa, mbali na shamba na kisima.

*Maji ya mvua.* Mulize mwenye nyumba maji yanapita wapi mwezi wa kwanza. Kama yanaingia ndani, mfereji unachimbwa mbele ya kazi nyingine yote.

Kazi yenyewe

Wakati mzuri ni kati ya mwezi wa sita na wa nane. Mvua hazijaanza, na matofali yanakauka upesi. Mkingoja mpaka mwezi wa kumi, paa litakuwa wazi wakati mbegu za mahindi zinawangoja.

*Mlango.* Mlango wa jiko la zamani hautapitisha trisikeli. Upana wa mita 1.80 unatosha. Lakini msikate ukuta ovyo. Muangalie kama mbao za paa zinakaa juu ya ukuta ule. Kama ndiyo, mshikilie paa kwa miti minene pande zote mbili, muweke linto ya beto yenye vyuma ndani, iingie mu ukuta angalau sentimita 20 kila upande, na muache ikauke vizuri. Ndipo mtoe matofali ya chini. Mtu anayekata kwanza na kuweka linto nyuma anaweza kuangukiwa na ukuta.

*Chini.* Udongo unakunywa mafuta na unainua vumbi, na vumbi ndilo linalokula moteri. Mchimbe, mpange mawe, mgonge sana, kisha mwage beto ya sentimita 10. Kipimo ni ndoo 1 ya simenti, 2 za mchanga, 4 za kokoto. Kwa chumba cha mita 3 kwa 5, hiyo ni mita 1.5 za kubo: mifuko 9 mpaka 10 ya simenti ya kilo 50. Mpe beto mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita kuelekea mlango. Muifunike na kuilowanisha kwa siku 7. Beto iliyokauka haraka kwa jua inapasuka, na falanga zenu zimepotea.

*Hewa.* Mtoboe matundu chini na juu ya kuta mbili zinazotazamana, muweke grilaje. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa, unakaa chini. Ndiyo sababu matundu ya chini ni ya lazima. Kwa sababu ile ile, hatushauri kuchimba shimo la kutengenezea motokari: mvuke unajikusanya mule, na cheche moja inatosha.

*Umeme.* Waya wa milimita 2.5 za karé kwa priza, 1.5 kwa taa, na waya wa udongo. Mashini ya kuchomelea ipate laini yake yenyewe na disjonkteri yake. Taa msizikose, lakini muweke meza ya kazi chini ya dirisha, kwani délestage tunaijua wote.

*Meza ya kazi.* Mbao za zamani za paa, kama hazijaliwa, zinatosha. Urefu wa kwenda juu ufike kwa kiuno cha mtu anayesimama. Ukutani, mchore kwa rangi umbo la kila chombo: funguo, nyundo, pampu. Saa ya kufunga, umbo lililobaki tupu linasema kitu gani hakijarudi.

Vitu visivyolala chumba kimoja

Garaje ikikwisha kuwa nzuri, kila mtu anataka kuweka kitu chake. Hapa komite iwe na kichwa kigumu.

Mbegu na mahindi hayaingii. Yanachukua harufu ya mazuti, na moshi wa moteri si kwa chakula. Mbolea haiingii pia: urea na NPK zinavuta unyevu na kula chuma, na mbolea zenye nitrati karibu na esansi zinaongeza nguvu ya moto. Dawa za wadudu zikae ndani ya sanduku la kufuli, mahali pengine, katika chupa zake za kwanza. Dawa iliyowekwa mu chupa ya sukari inaua watoto.

Neno moja kwa sisi watu wa Likasi. Mapipa ya bei chini yanayotoka mu makampuni ya shaba na kobalti yanaweza kuwa yalibeba asidi ao dawa za viwanda. Usiyatumie kwa maji ya kunywa wala kwa nafaka, hata ukiyaosha mara kumi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Louvain walitangaza mwaka 2009 kwamba watu wanaoishi karibu na kazi za madini Katanga wana kobalti nyingi sana mu mwili. Udongo wetu umekwisha kubeba ya kutosha. Kwa hiyo na mafuta machafu ya moteri msiyamwage mu bustani ao karibu na kisima. Mweke jerikani moja iliyoandikwa, na mtafute mtu wa kuyachukua mjini.

Na hili lisomwe kwa sauti mu mkutano: hakuna moteri wala jenereta inayowashwa ndani wakati mlango umefungwa. Moshi wake una gesi isiyo na harufu wala rangi. Mtu anasikia usingizi tu, na haamki. Mkitaka kujaribu moteri, muisukume inje.

Kulaza motopompe vizuri

Motopompe inafanya kazi wakati wa kipwa na kulala wakati wa mvua. Namna inavyolazwa ndiyo inaamua kama itawaka mwezi wa tano. Mtoe maji yote mu pampu. Mtoe esansi mu tanki, kisha muiache moteri iwake mpaka ijizime yenyewe, ili karibureta ibaki tupu. Esansi ya zamani inaacha gundi. Mfungue buji, mtie matone machache ya mafuta safi, mvute kamba polepole mara mbili, mrudishe buji. Msafishe filtre ya hewa. Muiweke juu ya ubao, isiguse beto.

Wakati wa kazi, mfuate kitabu cha mashini kwa kubadilisha mafuta. Kwa moteri nyingi ndogo za esansi, ni kati ya saa 50 na 100. Ili kujua saa zile, kuwe na daftari linalofungwa kwa kamba karibu na mlango: tarehe, jina, saa ya kutoka, saa ya kurudi, esansi, shida iliyoonekana. Anayelipa kwa saa, sehemu ya falanga ile iende mu kasha la kununua mashini nyingine. Koperative isiyoweka kasha lile itarudi kuomba siku motopompe itakapozeeka.

Atelye yenye daftari inaweza pia kutengenezea watu wasio memba, kwa malipo. Wengi wa majirani wana kinga, pikipiki, ao jembe la kuchomelea. Lakini muandike kwanza sehemu ya fundi na sehemu ya koperative. Kama hamjaandika, garaje itakuwa ya fundi, na mtabaki na kufuli.

Mbele ya mkutano wenu

Koperative inayotaka kuanza kiangazi kinachokuja ilete kwa agronomu wake vitu vitatu: vipimo vya anexe kwa mita, orodha ya mashini zitakazolala ndani, na kontra iliyosainiwa. Tutakuja kupima kuta pamoja nanyi na kuhesabu simenti. Kontra ikikosekana, tutangoja. Ni heri kuchelewa mwezi mmoja kuliko kujengea watu watakaogombana.