Kujenga ndege nyumbani: Pima mlango kwanza

MKAZI wa Kasesya, mpakani mwa Tanzania na Zambia, anayetamani kujenga ndege yake mwenyewe hahitaji kuanza na jengo kubwa. Anachohitaji kwanza ni futi ya kupimia, na cha kwanza kupimwa ni mlango.

Kazi hiyo si ngeni duniani. Chama cha wajenzi wa aina hiyo nchini Marekani, EAA, kilianzishwa na Paul Poberezny na wenzake mwaka 1953. Nchini Kenya, mwaka 2010, mtaalamu wa kompyuta Gabriel Nderitu aliunda ndege uani kwake kwa maelezo aliyoyapata katika intaneti.

Ndege ya watu wawili inayouzwa kwa vipande, kama RV-7 ya Marekani, ina urefu wa mita 6.2, na kutoka ncha ya bawa moja hadi ya jingine ni mita 7.6. Hata hivyo, haijengwi yote kwa pamoja. Mkia hutangulia, nao hutosha katika chumba cha kawaida. Kila bawa hujengwa peke yake, kisha huegeshwa ukutani lisichukue nafasi. Kiwiliwili hufuata, na hapo ndipo banda la mita sita kwa sita linapohitajika. Mabawa huungwa mwishoni kabisa, uwanjani, baada ya vipande kusafirishwa kwa lori kupitia Matai hadi Sumbawanga.

Meza ya kazi ndiyo roho ya karakana. Ikipinda, bawa nalo hupinda, na ndege itavutia upande mmoja ikiwa angani. Kwa sababu hiyo sakafu ya saruji iliyosawazishwa ina thamani kuliko kuta za kupendeza.

Hali ya hewa ya Ufipa ina masharti yake. Baridi ya Juni na Julai huchelewesha gundi kukauka, ilhali mvua za kuanzia Novemba huleta unyevu unaoharibu mbao. Rangi na viyeyusho vyake hushika moto upesi, kwa hiyo banda lililopakana na jiko la kuni au mkaa halifai hata kidogo, hata likiwa la bure.

Je, kwa nini nyumbani na si karakana ya kukodi mjini? Ndege ya namna hiyo huweza kula saa zaidi ya 1,500. Anayefanya kazi saa kumi kwa wiki atatumia karibu miaka mitatu, na kodi ya miaka mitatu si mchezo. Familia nayo ishirikishwe mapema, maana kelele za kompresa na nyundo hazimwachi mtoto alale.

Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) nayo iulizwe kabla ya bati la kwanza kukatwa. Katika nchi nyingi mkaguzi hutaka kuona mifupa ya bawa kabla halijafunikwa, na lililokwisha kufunikwa huenda likalazimika kufumuliwa.