KUMBUKUMBU NI ZAIDI YA MBINU REJESHI: MFANO WA FILAMU YA KATI KATI

Watahiniwa wengi wakikutana na mhusika anayekumbuka ya kale, huandika "mbinu rejeshi", wakatoa mfano na kwenda mbele. Hiyo ni nusu ya jibu. Lazima ueleze mbinu hiyo imefanya kazi gani. Kati Kati (2016), filamu ya Mkenya Mbithi Masya, si matini teule, lakini inalidhihirisha jambo hili vizuri.

Muhtasari
Kaleche anazinduka nyikani akiwa hana kumbukumbu yoyote. Anafika kwenye makao yaitwayo Kati Kati, ambako Thoma anamweleza kwamba amekwisha kufa, kama wakazi wote wa hapo. Hawawezi kuondoka. Kila mmoja ana jambo la maishani ambalo hajalikabili.

Fani
(a) Anwani: Ni baina ya uhai na kitakachofuata, pia baina ya kusahau na kukumbuka.
(b) Usahaulifu: Kwa kawaida mhusika hujijua kwanza, kisha akakumbuka. Kaleche hajijui. Kwa hivyo kumbukumbu hapa ndiyo mgogoro wenyewe: bila hiyo hana utambulisho, na akiipata ataupata uchungu pia.
(c) Ishara: Ngozi za baadhi ya wahusika hugeuka nyeupe. Kinachofichwa moyoni kinajitokeza mwilini.

Msomaji wa Nagona (1990) ya Kezilahabi hatashangazwa na mtindo huu unaouacha uhalisia.

Maudhui
King, aliyekuwa mtu wa dini, ana hatia inayotokana na ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Hapa ndipo filamu inapotugusa sisi wa Kericho na Bomet. Mapema mwaka 2008 wafanyakazi wengi walikimbia mashamba ya chai, na nyumba zikachomwa. Wanafunzi wetu wa leo walizaliwa karibu na wakati huo au baadaye, lakini katika darasa moja huenda akaketi mtoto wa aliyefukuzwa pamoja na mtoto wa aliyefukuza.

Kwa hivyo, mwalimu, uliza kuhusu King, wala usimuulize mwanafunzi kuhusu kwao. Mhusika wa kubuni anaweza kujadiliwa bila yeyote kunyooshewa kidole. Akitaka kusema ya nyumbani, msikilize.

Zoezi
"Asiyekumbuka hajijui." Thibitisha kauli hii kwa kumrejelea mhusika mmoja katika kitabu teule unachosoma. (alama 20)